Rovu la Kinanda

Daktari amenikataza chumvi. Presha, amesema, kisha akaendelea kuandika bila hata kuinua uso, wala hajui amenigusa wapi. Basi juzi jioni nikakaa mezani kwangu hapa Tunduma, huko nje malori yamejipanga kusubiri kuvuka mpaka kama kawaida yake, na mbele yangu bakuli la maharage yasiyo na chumvi hata punje. Nikatia kijiko mdomoni. Kabla sijameza nikajikuta jikoni kwa mama, kijijini Iyula, nimekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, natafuna maharage ya namna ile ile kwa hiari yangu, tena kwa kiburi, kwa sababu nilikuwa na jambo zito la kutimiza.

Nilikuwa nataka kuota rovu.

Kama hiyo haitoshi, chumba cha pili mwanangu Baraka alikuwa amewasha muziki wake. Baraka yuko likizo kutoka chuo na amekuja na spika ndogo yenye mlio wa mtu mzima. Muziki ule hauna ngoma, hauna mwimbaji, hauna kiitikio. Sauti moja inatokea mbali, inakaa, inakuja nyingine juu yake taratibu, na kwa nyuma mtu amerekodi mvua. "Mama, huu unaitwa ambienti," akaniambia, kwa ule upole ambao vijana hutumia wanapowaelimisha wazazi wao. "Huimbi nao. Unakaa tu ndani yake. Ni muziki wa kisasa kabisa." Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia muziki wake huo wa kisasa kabisa bibi yake aliupiga kwenye stoo ya kanisa, katikati ya magunia ya mahindi, wakati yeye hata kufikiriwa bado. Akacheka. Akadhani ni hamu ya chumvi inanisumbua. Mimi mtu akinicheka nikiwa nasema kweli huwa situlii, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wenzangu wa rika langu mliokulia milimani huku mnalikumbuka rovu. Watoto wetu hawalijui tena, na heri yao. Ni uvimbe wa shingoni, kwa mbele, unaopanda na kushuka mtu akimeza. Enzi zile kumwona mama mtu mzima analo hakukumshangaza yeyote, kama mtu kuwa na mvi. Mama yangu alikuwa nalo tangu nianze kumfahamu. Lilikuwa laini na lenye joto, na nilipokuwa mdogo kabisa nililala nimeweka mkono juu yake. Nilivyokua nalo lilikua, mpaka likafikia ukubwa wa parachichi.

Na mama aliimba. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu, na msimu wa kuchuma kahawa akianzisha wimbo shambani kwetu, watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wanaitikia. Kwenye kwaya ile kulikuwa na mama mwingine mmoja mwenye rovu, wa sauti ya pili, na ndiye aliyemfuatia mama kwa ukubwa wa sauti. Wale wenye shingo nyembamba waliimba vizuri, sikatai, ila hawakusikika nje ya ukuta. Mimi nilikuwa mtoto wa kuunganisha mambo. Nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba rovu ndilo ghala la sauti. Mungu akitaka mtu aimbe sana, anamwekea akiba shingoni.

Kisha lile rovu likaanza kumkaba. Akilala chali anahema kwa shida, akipanda kilima na debe la kahawa anasimama kila baada ya hatua chache. Baba akampeleka hospitali ya mkoa, wakati huo tukiwa bado chini ya Mkoa wa Mbeya. Baba alinisimulia baadaye kwamba daktari aliwaeleza mapema: mishipa inayoongoza sauti inapita hapo hapo, na hakuna wa kuahidi itabaki salama. Mama akachagua pumzi. Alirudi na kovu lililozunguka shingo kama mkufu, na alipofungua mdomo kuniita jina langu kikatoka kitu kama majani makavu yanayoburuzwa. Tukasubiri. Kahawa ikavunwa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikauzwa yote, na mnong'ono ukabaki kuwa mnong'ono.

Wakubwa walikuwa wanauliza imekuwaje. Kwangu haikuwa na fumbo lolote. Wametoa ghala, wameondoka na akiba.

Mwalimu Nzunda, aliyefundisha kwaya, alikuja Jumamosi moja na baiskeli yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake aliupenda kama wengine wanavyopenda pombe. Alikunywa chai yote, akafuta mdomo, ndipo akasema.

"Mama Sekela, pole sana na kuugua." Sekela ni mimi. "Kwaya inakukumbuka. Lakini sare ni mali ya kwaya, unafahamu mwenyewe. Tumealikwa Nanyala, na sauti ya kwanza sasa anaishika yule binti, Anna. Hana cha kuvaa."

Mama aliinuka akatia mkaa kwenye pasi, akainyoosha sare yake pale pale mbele ya mgeni, gauni la kijani lenye kola nyeupe, akalikunja, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu alipoondoka, aliingia chumbani na hakutoka mpaka baba alipopika ugali. Baba kupika ugali ilikuwa habari ya mtaa mzima. Jirani alikuja kuuliza tumepata msiba gani.

Tangu siku hiyo mama alikaa viti vya nyuma, pamoja na wanaonyonyesha. Mwanzoni kwaya ikiimba alikuwa anachezesha midomo. Baadaye akaacha hata hiyo. Nilikuwa nageuka kumwangalia, na ile midomo iliyofungwa iliniuma kuliko kovu. Sikutaka kitu kingine duniani, nilitaka mama yangu arudi mbele.

Hapo ndipo ilipoingia chumvi. Shuleni tuliagizwa kila mmoja alete kijiko cha chumvi ya nyumbani kwao, imefungwa kwenye karatasi. Akaja muuguzi na kichupa, akawa anadondoshea tone juu ya kila chumvi. Yangu ikageuka buluu kama wino. Akanishika bega mbele ya darasa.

"Nyumbani kwenu wako vizuri," akasema. "Chumvi hii ina madini joto. Ukiila kila siku, hutaota rovu maisha yako yote."

Darasa likanipigia makofi. Mimi nimesimama nimeganda. Kumbe ndiyo hii iliyokuwa inanizuia! Miaka yote nakula kinachoniharibia sauti, na walimu wananishangilia.

Mpango ukajipanga wenyewe njiani nikirudi. Niache chumvi, niote rovu, lijae, niimbe mimi mahali pa mama, na sare irudi nyumbani kwetu. Sikujiuliza gauni la mtu mzima lingenieneaje. Maharage nikawa nayasuuza kwa maji nyuma ya jiko. Mboga za majani namrushia paka, na paka akanenepa. Nikaishi kwa viazi vitamu, mahindi ya kuchoma na maziwa mgando. Kila asubuhi nachukua kioo cha baba cha kunyolea, nainua kidevu, napapasa. Hakuna kitu. Shingo ya kuku.

Wakati mimi nahangaika na lini nitavimba, mama naye alikuwa na lake. Baada ya kurudisha sare alianza kushika zamu za kufagia kanisa, za kwake na za wenzake, na wenzake hawakubisha. Akapewa ufunguo wa stoo ya nyuma, mlimokuwa na mafagio na magunia ya sadaka ya mavuno. Siku moja, akiyasogeza magunia, akakuta chini yake kinanda cha miguu, kile cha zamani, kilichosahauliwa tangu kanisa liliponunua kinanda cha betri. Panya walikuwa wameitafuna mifuko yake ya upepo. Vibao vingi vya kubonyeza vilikuwa bubu. Kimoja cha chini kabisa kilikuwa kimenasa, yaani ukikanyaga tu upepo ukapita, chenyewe kinalia, na hakinyamazi mpaka upepo uishe.

Hakumwambia mtu isipokuwa baba. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi baiskeli, na kila baiskeli ya Iyula ilikuwa imepita chini yake. Akaja stoo na vipande vya tyubu, msasa na solusheni, nami nikamfuata. Akafungua ubao wa nyuma, akaipaka ile mifuko povu la sabuni, akamwambia mama akanyage. Kila palipotoa mapovu akaweka alama ya chaki.

"Baiskeli hii," akasema. "Imekosa magurudumu tu."

Akaziba kila tundu kama anavyoziba pancha: anasugua, anapaka, anapuliza, anabandika, anakandamiza kwa dole gumba huku amefumba macho. Stoo nzima ilinuka solusheni na mahindi. Alipomaliza, mama akakanyaga tena, na ndani ya kile kisanduku nikaona mfuko mweusi unavimba polepole, unajaa, unapanda na kushuka.

"Baba!" nikapiga kelele. "Kinanda nacho kina rovu!"

Baba akacheka mpaka akaangusha msasa. Mama hakucheka. Alisimamisha miguu, akanitazama kama ananiona baada ya muda mrefu.

"Sekela," akanong'ona, "mbona umekonda hivyo?"

Nikaona hakuna haja ya kuficha, maana ushahidi umepatikana. Nikamweleza yote: ghala, akiba, muuguzi, chumvi, paka. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Machozi yakamtoka, mdomo uko wazi, sauti hakuna, nami nikaogopa, nikadhani nimemuua. Alikuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, na alikuwa bado hajui kicheko chake kipya kinafananaje. Akanivuta, akaniweka kifuani.

"Rovu halikuwa na sauti, mwanangu," akasema. "Lilikuwa linaniziba."

Nikaitikia ndiyo mama, kwa heshima, lakini sikuamini. Kitu chenyewe kiko mbele yangu, kimevimba, na kinalia! Nikaendelea na mgomo wangu wa chumvi, kwa siri zaidi.

Mama hakujua kupiga kinanda, na kinanda chenyewe hakikuwa tayari kufundisha. Alijaribu nyimbo za kitabuni, lakini kwa vile vibao bubu wimbo ulitoka kama maneno ya mtu asiye na meno. Akaziacha. Akaanza na kile kilichokuwepo. Kile kibao kilichonasa kilikuwa kinatoa sauti moja nene ya chini, basi akaiacha ikae, akaizoea, akaisikiliza muda mrefu bila kuigusa. Halafu akatafuta juu yake kibao kimoja kinachokubaliana nayo. Akakishikilia mpaka pumzi ya mfuko ipungue, akakanyaga, ikarudi. Halafu kingine. Hapakuwa na ubeti, hapakuwa na mahali pa kuitikia. Mvua ikianza kupiga bati, alipunguza, akaiachia mvua nafasi. Mvua ikipungua, alijaza yeye. Mimi nilikaa juu ya gunia na nilihisi mahindi yanatetemeka chini yangu. Sijawahi kuwa na amani kama ile. Naitafuta mpaka leo, na juzi nimeisikia ikitoka kwenye spika ya Baraka.

Siri ya sauti haikai. Wamama waliopita njia ya kisimani walisimama wakaulizana.

"Ni nini kile stoo?"

"Mama Sekela huyo. Analia kwa kinanda."

Ikamfikia Mwalimu Nzunda. Alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, akasikiliza kwa uaminifu, maana kusikiliza alijua.

"Ni wimbo namba ngapi huo, Mama Sekela?"

Mama akatikisa kichwa.

"Una beti?"

Akatikisa tena.

"Sasa wimbo usio na maneno tutajuaje unamsifu nani?" Hakuwa anafoka. Alikuwa na huzuni kabisa. "Nikwambie ukweli kama ndugu yako, hiyo ni kelele. Waumini wanalalamika."

Wazee wa kanisa wakakaa, wakatoa uamuzi. Kinanda kisipigwe tena. Baada ya Pasaka stoo isafishwe, kile kisanduku kipasuliwe, mbao zake zitengenezwe kabati la vitabu, na Mama Sekela arudishe ufunguo. Walikuja kumweleza kwa adabu zote, wakaomba na kusali kabla ya kuondoka. Sare wameshachukua, sasa na ufunguo. Mama aliinamisha kichwa kama alivyofanya siku ya sare, lakini mimi nilikuwa nimekaa chini, naona mikono. Alikuwa anaufunga ule ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, na alipiga fundo mara mbili.

Sasa lazima niwaeleze Pasaka ya kwetu. Kanisa letu lina desturi ambayo wageni huishangaa. Jumamosi tunapalilia makaburi yaliyo nyuma ya kanisa, kila ukoo na watu wake. Alfajiri ya Jumapili, jua halijatoka, waumini wote wanaingia makaburini kimya. Kimya kweli kweli: hakuna salamu, hakuna kuitana, mtoto anayelia anabaki nje ya uzio. Sauti ya kwanza siku hiyo haitoki kwenye kinywa cha mtu, inatoka kwenye tarumbeta. Tarumbeta zikishalia ndipo mchungaji anatangaza Bwana amefufuka, watu wanaitikia, kwaya inaanza, na hapo jua linachomoza. Kabla ya hapo hata mchungaji hafungui mdomo. Mimi niliamini bila tarumbeta jua lenyewe haliji. Na babu yangu, aliyelala safu ya pili, niliamini kila Pasaka anazisubiri ili ageuke ubavu.

Mwaka ule wapiga tarumbeta wetu walikuwa wamealikwa Ibaba kwa Ijumaa Kuu, kule juu Ileje, wakaahidi kurudi Jumamosi. Jumamosi ikanyesha kutwa. Tukajua watafika wakati wowote. Alfajiri tukaingia makaburini, nguo nyeupe, matope miguuni, ukungu umeshuka mpaka kwenye misalaba. Kwaya imejipanga na sare zake za kijani, Anna mbele kabisa. Upande wa tarumbeta, hakuna mtu. Baadaye tulikuja kujua kwamba udongo ulikuwa umeporomoka barabarani na walilala ndani ya lori.

Tukasubiri. Mbingu ikaanza kuwa ya kijivu. Mchungaji akamtazama mzee wa kanisa, mzee akamtazama Mwalimu Nzunda, mwalimu akatazama barabara. Hakuna wa kuuliza, maana kuuliza ni kusema. Mzee akafanya ishara ya mkono, kama anauliza tufanyeje, mwalimu akainua mabega. Niliona shingo zote zile, nyembamba na nene, zenye sauti ya kwanza mpaka ya nne, na hakuna hata moja iliyokuwa na ruhusa ya kutoa mlio. Wote wamekuwa kama mama yangu. Nikaogopa mpaka nikataka kukojoa. Jua halitakuja, nikafikiri. Babu atabaki hivyo hivyo, amelala upande mmoja.

Nikageuka kumtafuta mama kule nyuma. Hakuwepo.

Mlango wa stoo ulilia. Kila mtu aliusikia, kwenye kimya kile ungesikia hata mdudu. Kisha dirisha la mbao linaloelekea makaburini likafunguliwa. Mwalimu Nzunda akapiga hatua moja kuelekea huko, na mchungaji akamshika mkono wa shati.

Sauti haikuanza kama wimbo unavyoanza. Ilikuwa haipo, halafu ikawepo. Ile ya chini, ya kibao kilichonasa, ilikuja imetambaa chini ya ukungu, nikaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Akaiacha. Aliiacha muda mrefu kiasi kwamba mtu mwingine angeona aibu. Kisha ya pili ikakaa juu yake, halafu ya tatu, na zile zilizokosekana hukuzikosa. Mama hakuwa na tarumbeta wala hakujifanya anayo. Alikuwa anapiga muziki wake mwenyewe, ule wa kwenye mvua, ule ulioitwa kelele, mbele ya kanisa zima na wafu wake wote. Bibi mmoja mbele yangu akapiga magoti kwenye matope. Baba alikuwa amevua kofia, na vidole vyake gumba vilikuwa vinabonyeza kofia ile kana kwamba bado anakandamiza viraka visiachie. Havikuachia. Ukungu ukaanza kuwa na rangi.

"Bwana amefufuka!" mchungaji akasema, na sauti yake ikakatika.

"Amefufuka kweli kweli!" tukajibu, kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia tena.

Sasa kwaya ilipaswa kuanza, na kwaya huchukua sauti kutoka kwenye tarumbeta. Mwalimu Nzunda akafumba macho. Nilimwona anatega sikio, anaitafuta ndani ya zile sauti ndefu sauti yake ya kuanzia, akaipata, akaivumisha puani, akainua mikono. Kwaya ikaingia juu ya kinanda kama watu wanaopanda kwenye mtumbwi mpana, na kinanda hakikuyumba. Mama hakufuata wimbo wao. Alibaki pale pale chini yao, anawabeba. Na jua likatoka! Nililiona kwa macho yangu, juu ya mashamba ya kahawa, na nikajua kabisa ni nani amelileta.

Ibada ilipokwisha watu hawakwenda nyumbani. Walijaa mlango wa stoo. Mama alikuwa bado amekaa, viatu amevivua, jasho linamtiririka kwenye kovu. Mchungaji alimshika mikono yote miwili. Mwalimu Nzunda akaja, na Anna nyuma yake.

"Beti sikuzisikia," mwalimu akasema, akijikuna kichwa.

"Na tarumbeta je," mchungaji akamwuliza, "mwaka jana ziliimba beti gani?"

Watu wakacheka, na mwalimu, ili tumpe haki yake, akacheka nao. Kisha akanyooka, akawa yule mtu wa utaratibu.

"Mama Sekela, sauti nimeichukua kwako leo. Wewe ni mwanakwaya. Jumapili ijayo sare yako itarudi, nitazungumza na Anna."

Sare inarudi! Nilimtazama Anna, alikuwa ameshika pindo la lile gauni kwa vidole viwili, macho chini. Mama naye alimwona. Akanyanyua mkono watu wanyamaze, na kwa mara ya kwanza umati mzima ukainama kumsikiliza.

"Usimvue mtoto wa watu," akanong'ona. "Niachieni ufunguo."

Kabati la vitabu lilitengenezwa kwa mbao nyingine. Kinanda kikatolewa stoo kwa mabega ya wanaume, kikawekwa mbele, ubavuni mwa kwaya, na mama akakaa nacho amevaa kitenge chake, ufunguo wa kanisa umeungana na ule wa stoo pindoni. Kila Pasaka tangu hapo kinanda kinabebwa mpaka makaburini; tarumbeta zinafika mapema bila kukosa, lakini zinasubiri. Kinanda kinaanza.

Mchana ule tulipika nyama. Mama aliniwekea sahani, akanitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kufikiri upya. Niliona kwa macho yangu shingo zote zimeshindwa, na mama amevua viatu na kukanyaga. Basi sauti haikai shingoni, nimekosea kidogo tu. Sauti inakaa miguuni. Nikachota chumvi kwa vidole vitatu, nikainyunyiza juu ya nyama, nikala mpaka baba akaninyang'anya kibakuli. Jioni nikajipaka mafuta miguuni kwa bidii kubwa, na kusema kweli naendelea kujipaka hivyo mpaka sasa.

Baada ya kumsimulia Baraka haya yote aliacha kucheka. Jumamosi tukapanda gari mpaka Iyula, yeye na simu yake ya kurekodia. Mama amezeeka, mgongo umepinda, mnong'ono umebaki ule ule. Alitupikia maharage. Kwangu nikasogeza kibakuli cha chumvi pembeni, nikala hivyo hivyo, kimya, sikutaka kumtia wasiwasi na habari za presha. Mama akaangalia kibakuli. Akaangalia sahani yangu. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Sekela," akanong'ona, "rovu bado unalitafuta tu?"

Nilicheka mpaka maharage yakanipalia. Baraka akawa anatutazama, mmoja anacheka kwa sauti, mwingine bila sauti, simu imemganda mkononi. Mama akafuta macho kwa pindo la kitenge, kisha akalifungua lile pindo, fundo la kwanza, fundo la pili, akatoa ufunguo wa kanisa, akavua viatu vyake hapo hapo mlangoni.

"Mlete huyo mjukuu," akasema. "Mvua inakuja."